Jiko Baridi la Kaltzahn

Ginevra Bordon alipanda mlima wa Kaltzahn Jumatatu ya mwisho ya Septemba kwenda kuteremsha sufuria zake, akakuta maiti.

Kibanda cha wapanda mlima alichokitunza alikuwa amekwisha kukifunga wiki iliyotangulia, maana msimu wa wapanda mlima ulikuwa umeisha. Jikoni kufuli, ukumbini kufuli, vyumba vya kulala kufuli. Chumba kimoja tu ndicho kisichofungwa mwaka mzima, nacho ni chumba cha dharura. Humo mna vitanda vya ghorofa, mablanketi, jiko la chuma, kuni zilizopasuliwa, kiberiti, na redio ya upepo ya kuitia msaada. Ukifika umechoka unaingia, unawasha moto, unalala, hata kama wewe na mwenye kibanda mna kesi mahakamani. Watu wa milima ile wanaweza kunyimana vyote, lakini hicho hawanyimani.

Kwenye kitanda cha chini, kile kilichopakana na jiko, alilala Ettore Tadei, mzee wa miaka sitini na minane kutoka bonde la kusini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti na mwili umeganda gogo. Jiko halikuwa limewashwa. Kuni zilijaa kapuni, na kiberiti kilikuwa juu ya rafu ambayo mtu mwenye miguu yote miwili huifikia kwa kunyoosha mkono. Kidirisha kilicho juu kabisa, usawa wa kitanda cha ghorofani, kilikuwa wazi, na theluji iliyopeperushwa na upepo ilikuwa imemfunika marehemu hadi magotini. Ginevra alikifunga, kwa sababu theluji ilikuwa bado inaingia. Akashika redio ya upepo, ikawa kimya. Ikabidi ateremke hadi kwenye bega la mlima, mahali simu inaposhika, ndipo akapiga polisi.

Sajini Odilia Ambord alifika kwa helikopta saa tano na robo, pamoja na daktari na konstebo mmoja. Daktari hakuchukua muda. Mguu ulivunjika Jumamosi mchana, akasema, na mtu huyu alikufa kwa baridi Jumapili kabla ya mapambazuko. Hakupigwa, hakukabwa, hakulishwa sumu. Odilia akauliza kama angeweza kusimama.

"Kusimama?" daktari alisema. "Sajini, huyu hata kufika kitandani hapa hakufika mwenyewe."

Redio ilikuwa haina betri. Konstebo aliipata betri kwenye droo ya jikoni, nyuma ya kufuli, chini ya vitambaa vya kufutia vyombo. Ufunguo mmoja wa jikoni alikuwa nao Ginevra. Wa pili hutundikwa ofisini kwa waongozaji huko Zerbrigg, kijiji cha upande wa kaskazini, kwenye msumari, na ulikuwa pale pale ulipopaswa kuwa.

Odilia hakupenda alichokiona. Yeye ni mzaliwa wa Zerbrigg, na tangu utotoni alijua kwamba mlimani watu hufa kwa mawe, kwa ufa wa barafu, kwa ujinga wao wenyewe. Lakini mtu alazwe chumbani na mwenzake, apewe blanketi, halafu aachwe agande hatua moja kutoka kwenye kuni?

Walipoteremsha maiti, nusu ya kijiji ilikuwa imekusanyika uwanjani, chini ya sanamu ya Amandus Kalber. Sanamu hiyo ndiyo ulaji wa Zerbrigg. Mwaka 1868 Amandus alikuwa wa kwanza kusimama kwenye kilele cha Kaltzahn, na kwa ajili hiyo waongozaji wa Zerbrigg walipewa haki ya kwanza, yaani hadi leo hakuna kamba inayopanda kutoka kaskazini bila mwongozaji wa kijiji hicho mbele yake. Asiyetaka azunguke kusini. Watu wa kusini wana hadithi nyingine. Wanasema mwindaji wao Giacomo Tadei alifika kileleni miaka mitatu kabla, asirudi tena. Huyo Giacomo alikuwa amepigilia misumari ya shaba nyeusi kwa umbo la msalaba kwenye nyayo za viatu vyake, na Ettore, kitukuu wa ndugu yake, aliirudia habari hiyo ya misumari katika baa ya Zerbrigg kila kiangazi mpaka watoto wakamwita Bwana Msalaba. Kila kiangazi alitembea juu ya mto wa barafu wa upande wa kaskazini akiitafuta maiti ya Giacomo. Hoja yake ilikuwa moja. Kutoka kusini hakuna njia ya kufika kwenye barafu ile ila kwa kupitia kileleni. Akipatikana pale, basi alipita kileleni.

Wazerbrigg walicheka, wakamuuzia bia.

Mkuu wa waongozaji, Remigius Kalber, kilembwe wa yule wa sanamu, alisogea karibu na machela akavua kofia. Alikuwa baba wa ubatizo wa Odilia. Ndiye aliyemfungia kamba kiunoni mara ya kwanza alipokuwa na miaka kumi na miwili, na baba yake mzazi alipofariki ni Remigius aliyebeba jeneza upande wa kichwani.

"Masikini Ettore," alisema. "Na dirisha mmelifunga?"

"Limefungwa," alijibu Odilia, kama unavyojibu salamu.

"Vizuri, binti yangu."

Umati ulikuwa umeshapata jibu lake. Ginevra ni mwanamke wa kusini aliyepewa kibanda cha kaskazini, jambo ambalo wengi hawakuwahi kulimeza. Zaidi ya hayo, mwezi wa Julai Ettore alikuwa amemwita msaliti mbele ya wageni mezani, eti amekula mkate wa watu walioiba mlima wao, naye akammwagia supu. Watu arobaini waliona. Mwendesha mashtaka alipopigiwa simu hakutaka maneno mengi. Ufunguo anao nani? Betri ilikuwa kwa nani? Waligombana na nani? Akasema kesho saa nane mchana angefika kumchukua, na Odilia ajue kwamba mwanamke huyo asingerudi karibuni.

Ginevra alihojiwa katika chumba cha nyuma cha posta, akiwa bado na koti lake la mlimani.

"Nilimmwagia supu," alisema. "Ilikuwa ya jana, tena imepoa. Ningekuwa namchukia ningemmwagia ya moto."

"Betri ilifikaje kwenye droo yako?"

"Mimi nilipofunga, redio ilikuwa inaongea. Niliijaribu. Sajini, nipe akili kidogo basi. Mimi niue mtu, nifiche betri jikoni kwangu, halafu niteremke mpaka begani kuwaita nyinyi?"

Odilia akamwomba arudie kila alichokiona, taratibu. Akarudia mguu, kuni, rafu, kidirisha. Odilia akauliza kama habari ya kidirisha alimweleza mtu mwingine.

"Nimweleze nani? Hapa nani anaongea na mimi?"

Mtu mwingine aliyejulikana kuwa mlimani Jumamosi ile ni Kilian Zurwerra, mhandisi kijana kutoka mjini, aliyetumwa na kampuni fulani kupima njia ya gari la waya hadi begani. Huyu alianza kwa kuapa kwamba hakupanda. Odilia akamwonyesha tope la kijivu lililokauka kwenye miguu mitatu ya chombo chake cha kupimia, tope ambalo hulipati ila ukingoni mwa mto wa barafu. Akabadilisha, kwamba alipanda ila hakuona kitu. Odilia akavuta karatasi ya maelezo, akaandika tarehe. Kijana akaitazama kalamu, akasema yote.

Kumbe hakuwa na kibali cha kuweka chombo pale, na mabosi wake walikwisha kumwambia afunge mdomo. Jumamosi saa tisa alasiri, kupitia lenzi ya chombo, aliona watu wawili kwenye barafu. Mmoja alikuwa amembeba mwenzake mgongoni, kamba imezungushwa mabegani kama mkoba, anapanda kuelekea kibandani. Alidhani ni mazoezi ya uokoaji.

"Na jioni uliona moshi kibandani?"

"Hapana. Nilishangaa kidogo. Halafu theluji ikaanza nikateremka."

"Ukakaa na habari hiyo siku mbili."

"Sajini, ningepoteza kazi."

Odilia alimwambia asaini maelezo na atoke mbele ya macho yake. Hata hivyo kijana alikuwa amemsaidia Ginevra bila kukusudia. Ettore alikuwa pande la mtu, na Ginevra uzito wake haufiki kilo hamsini. Na kumbeba mtu kwa kitanzi cha kamba mabegani, ukapanda naye juu ya barafu, si kazi ya kubahatisha. Hufundishwa, na Zerbrigg anayefundisha ni mmoja. Lakini waliofundishwa wako ishirini na wawili, na kila mmoja alisema Jumamosi alikuwa nyumbani, zizini au kanisani.

Jioni alikula kwa mama yake. Mama alikata mkate mgumu wa nafaka ya rai na jibini, akaweka na nyama kavu, akasema asijitie njaa kwa sababu ya kazi ya serikali. Juu ya kitanda cha mama, kama katika kila nyumba ya zamani ya Zerbrigg, palikuwa na tundu dogo, ambalo wao huliita dirisha, lililozibwa kwa ubao wa kusukuma. Ubao huo hauguswi siku za kawaida, hata joto likizidi. Mtu akishakata roho ndipo hufunguliwa, ili roho ipate pa kutokea, na hubaki wazi mpaka maiti itoke nyumbani. Kufungua kabla ni kumharakisha mgonjwa, dhambi. Kusahau kufunga baadaye ni kuikaribisha roho irudi. Odilia mwenyewe alimfungulia baba yake, na mikono haikungoja kuambiwa.

Mama alikuwa anamsikitikia Ettore. Alisema mtu wa kusini au wa kaskazini, kifo cha namna ile ni kifo kibaya, kwamba masikini alikufa peke yake, hata wa kumfungulia dirisha hakuwapo.

Odilia aliacha kutafuna.

Hata wa kumfungulia dirisha hakuwapo. Ndivyo kila mtu kijijini alivyoamini, na ndivyo inavyopasa kuamini, kwa kuwa aliyekufa peke yake hana wa kumfungulia. Sasa mtu avue kofia kando ya machela aulize kama limefungwa, alijuaje kwamba lilikuwa limefunguliwa? Habari ya kidirisha alikuwa nayo Ginevra, ambaye hakumwambia mtu, na polisi, ambao hawakumwambia mtu. Ettore hakukifungua, mguu ule usingempandisha ghorofani. Kilian wa mjini hajui hata kuna desturi hiyo. Na aliyekifungua hakukifungua Ettore akiwa hai. Alikaa humo chumbani, kwenye baridi, kando ya kuni, akangoja mpaka pumzi ya mwisho.

"Mbona umekwajuka hivyo?" mama aliuliza.

"Jibini limenikaa vibaya," alisema, akachukua koti lake akatoka.

Asubuhi na mapema alipanda kibandani na konstebo. Aliupekua upya uvungu wa vitanda, mablanketi, mbao za sakafu. Alijua anachohitaji. Swali la dirisha lilimtosha yeye, halingemtosha hakimu. Remigius angesema ni mazoea, kila mtu huuliza, na angeaminika. Mwisho alipiga magoti mbele ya jiko, ambalo jana hakuna aliyeligusa kwa kuwa kila mtu aliona halikuwashwa. Akafungua kimlango chake. Akatazama ndani kwa muda mrefu, akapiga picha, akakifunga tena.

Saa tano alimwita Remigius, Ginevra na Kilian, wakaletwa kwa helikopta. Aliwaambia anataka kila mmoja aonyeshe alikopita. Chumba kilikuwa baridi kiasi kwamba pumzi zao zilionekana. Remigius alisimama mlangoni na kofia mkononi, mzee mrefu, mabega mapana, aliyenyoa ndevu vizuri asubuhi ile.

"Tunaganda," alisema Odilia. "Baba, tuwashie jiko."

Remigius hakusogea. Macho yake yalikwenda kwenye rafu, yakarudi.

"Kiberiti kiko pale pale," alisema Odilia. "Juu ya rafu."

Akakichukua. Akapiga magoti taratibu, akawasha njiti, akafungua kimlango. Humo ndani, katikati ya majivu ya zamani, palikuwa na kiatu cha ngozi kilichokauka na kujikunja, cheusi, kimesimama kwa kidole. Wayo wake uliwaelekea. Misumari ilikuwa ya shaba nyeusi, na ilipigiliwa kwa umbo la msalaba. Ginevra alijiziba mdomo. Hata Kilian, aliyesikia hadithi ile baani mara moja tu, alielewa.

Njiti ilimuunguza Remigius vidole ndipo akaitupa.

"Alikuwa nacho kwenye mkoba," alisema bila kugeuka. "Mimi sikujua."

"Ulikwenda jikoni kuficha betri. Yeye akanyoosha mkono akakitia hapo. Alishakuelewa. Alitafuta mahali pekee humu ndani ambapo wewe usingefungua."

Mzee alikaa chini sakafuni. Aliyasema yote kwa sauti ya kawaida, kama anayetoa taarifa ya hali ya hewa. Ettore alimjia mwenyewe Jumamosi alfajiri, maana desturi ni kwamba anayekuta maiti barafuni humwarifu kwanza mkuu wa waongozaji. Alikuwa na furaha ya mtoto. Wakachukua ufunguo wa kibanda ili baadaye watoe machela humo, wakapanda. Giacomo alikuwa amelala wazi kwenye barafu, chini ya uso wa kaskazini, amehifadhika mpaka kucha. Wakati wa kurudi Ettore aliteleza, mguu ukavunjika.

"Nilimbeba, Odilia. Saa mbili nzima nilimbeba mgongoni. Nilimlaza hapa, nikamfunika. Kiberiti nilikuwa nimekishika mkononi, naapa."

"Halafu?"

"Akasema, Remigi, sasa itabidi mteremshe ile sanamu. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anacheka." Akaitazama rafu. "Nikakirudisha kiberiti rafuni."

"Kwa ajili ya sanamu."

"Kwa ajili ya kijiji. Haki ya kwanza ikiondoka, kijiji kina nini? Nyasi?"

Odilia akamuuliza kama alikuwa akiamini kweli kwamba Amandus alikuwa wa kwanza. Babu yake alimhadithia kabla ya kufa, akasema Remigius. Amandus alipofika kileleni alikuta kitambaa chekundu kimefungwa kwenye jiwe. Akakitia mfukoni. Kitambaa kilikaa kabatini kwao miaka mingi, mpaka mama yake Remigius alipokichoma.

Kwa hiyo walijua. Miaka yote ile ya kumcheka Ettore baani, ya kumwita Bwana Msalaba na kumuuzia bia, mtu mmoja mezani alikuwa anajua, na alikuwa anacheka kuliko wote.

"Ukakaa wapi?" aliuliza Odilia.

Remigius alionyesha kigoda kilicho pembeni ya jiko.

"Usiku kucha?"

"Nilisali rozari. Sikumwekea mkono, Mungu ni shahidi. Sikumgusa."

"Alisema nini?"

"Mwanzo aliomba kiberiti. Baadaye akaomba maji. Halafu akaacha kuomba." Aliinua uso, na kilichomkera Odilia kuliko yote ni kwamba uso ule ulikuwa unataka kusifiwa. "Alipokata roho nilipanda nikafungua dirisha. Mimi si mnyama. Nilimfanyia kama ningemfanyia ndugu yangu."

"Mtu mwenyewe ulimnyima njiti ya kiberiti," alisema Odilia, "roho yake ukaifungulia dirisha. Na Giacomo umempeleka wapi?"

"Nilimsukumia kwenye ufa, Jumapili asubuhi. Ufa ulio chini ya mwamba wa pili. Hauna kina kirefu, mtamfikia."

Odilia alimwamuru konstebo amfunge pingu. Remigius alinyoosha mikono bila ubishi, kisha akamwita binti yangu, akataka kusema neno. Odilia alimwambia asimwite hivyo tena, si leo, si mahakamani, si siku atakapokuwa anakufa. Alikumbuka kamba ya kwanza kiunoni mwake, na vidole vilivyoikaza, na akajisikia kutaka kuoga.

Mwendesha mashtaka aliarifiwa kwa simu kutoka begani kwamba saa nane atakuta mtu mwingine. Alinung'unika, akauliza kama kuna uhakika, kwani Kalber ni jina kubwa. Odilia akakata simu. Kijijini, helikopta ilipotua, watu walimwona Remigius na pingu wakatazama chini, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeuliza kosa lake ni nini. Odilia aliliona hilo pia, akaliweka moyoni.

Ginevra alikataa kuteremka nao. Alisema sufuria zake bado ziko juu. Walipokwisha kuondoka alikitoa kile kiatu ndani ya jiko kwa mikono miwili, akakipangusa majivu kwa kitambaa chake cha kichwani, akakiweka kwenye kitanda cha chini, juu ya blanketi. Kisha akapanga kuni ndani ya jiko, vipande vinne na magome kidogo, akachukua kiberiti rafuni.

Kuni zilikuwa kavu. Zilishika kwa njiti ya kwanza.